Jogoo Mmoja kwa Siri ya Divai

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku kubwa. Mama Phelister, mwenye baa yetu hapa Kabalagala, anafungua tawi Bugolobi, na tawi linataka msimamizi wa kaunta. Miaka sita nimesuuza glasi za mama huyu. Nani mwingine kama si mimi, Makokha? Kumbe yupo: Valère, Mkongo wa zamu ya mchana, ambaye hata mwaka hajamaliza.

Mtihani ni mmoja. Kuna divai ya ndizi inayotengenezwa na familia ya Mzee Kalemeera, njia ya Gayaza. Ukiimeza inakuachia harufu ya ubani, kama umetoka misa ya Pasaka. Mama anasema wateja wa Bugolobi wana maswali mengi. Atakayemweleza Jumatatu ijayo harufu hiyo inatoka wapi, huyo ndiye atapewa kaunta.

Valère akasema ataenda kuwauliza wenyewe. Kuuliza! Nilicheka mpaka glasi ikaniponyoka. Nani atamwagia mgeni siri ya riziki yake? Mimi nitapeleleza.

Jumatano, 18 Juni

Njia nzima ya Gayaza ni divai. Ya nanasi hapa, ya rosela pale, vibao kila kona. Nilionja tatu kwanza, kwa ajili ya kulinganisha. Ya nne sikumbuki vizuri.

Kwa Kalemeera migomba imefika hadi mlangoni. Mapipa yamepangwa chini ya bati, na pembeni kuna stoo yenye kufuli kubwa kama ngumi yangu. Kufuli! Watu hawafungii kitu cha bure.

Kwetu Bungoma huendi kwa mzee mikono mitupu, kwa hiyo nilibeba jogoo mwekundu, mnene. Nilimkabidhi kijana wa kwanza niliyemkuta, Ssembajjwe, mtoto wa mzee. Dada yake Nambooze alikuwa kando yetu akibandika lebo kwenye chupa. Kijana akapokea kwa mikono miwili. Shangazi yao, wanayemwita Ssenga, akapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani akaitika. Mzee akaniuliza ukoo wangu, kijiji changu, na kama baba yangu yu hai. Watu wakarimu ajabu. Nilipewa kiti cha mbele na divai bila kulipa.

Nambooze peke yake alikuwa akicheka, mkono mdomoni. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 19 Juni

Sasa najua. Nilimsimulia Rukiah, mpishi wetu, Mnubi wa Bombo aliyekulia kati ya Waganda. Nilipofika kwenye jogoo aliweka kisu chini. Akaniambia kwamba kwa Waganda, mwanamume akimkabidhi kaka wa msichana jogoo, ndoa imekwisha kufungwa. Huo ndio muhuri. Akauliza vitu vingine vya posa nilivipeleka lini.

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Hofu! Mama yangu hajui. Nambooze mwenyewe sijamsalimia hata mara mbili.

Halafu nikawaza. Mgeni huonyeshwa sebule. Mkwe huonyeshwa mpaka stoo. Nitakuwa mkwe kwa siku nne tu, halafu nitafute namna ya kuachika. Akili kama hii inasuuza glasi!

Jumamosi, 21 Juni

Nilifika nimevaa shati jeupe na uso wa bwana harusi. Wakaniita kikao. Mzee alisema anajua Mkenya hakujua alilofanya, na hakuna aliyekasirika. Shida ni kwamba Ssembajjwe alikwisha kumla jogoo jioni ileile, peke yake, kama desturi inavyotaka, na jogoo wa namna hiyo harudishwi. Kwa hiyo posa hiyo nitaifuta kwa kazi. Nambooze akaniangalia mara moja.

"Mimi nina mchumba Masaka. Wewe kanyaga ndizi tu, ssebo."

Nilijisikia nimeachwa, na hata sikuwa nimeoa.

Basi nikakanyaga. Ndizi na majani ya nyasi, miguu mitupu, tangu asubuhi. Tatizo kubwa ni Ssenga. Kiswahili chake alikiokota akiwauzia askari pombe kambini, na kila neno aliloliokota analitumia. Hanyamazi! Alinivuta mpaka kwenye shimo wanamolaza ndizi mbichi ziive, akanishikisha magome ya mti wa mpafu, akayawasha, akafunika majani.

"Moshi ya mpafu siku ya nne, hiyo ndiyo inaingia kwa ndizi. Bila hiyo utakunywa maji tu, mtoto wangu."

Alisema hivyo mara tatu. Nikaitikia ndiyo Ssenga, ndiyo Ssenga, macho kwenye kufuli. Moshi wenyewe ulinitoa machozi hata stoo nikawa siioni. Saa nzima ya upelelezi imepotea hivyo.

Shati langu linanuka kanisa. Nimelifua mara mbili na harufu haitoki.

Jumapili, 22 Juni

Leo ndiyo leo. Familia ilikwenda kusali, nikajitolea kulinda nyumba. Ufunguo ulikuwa umening'inia msumarini, mlango wa jikoni. Wanajiamini mno.

Nikafungua. Majembe matatu. Pipa lenye ufa. Baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Nilinusa kila kitu, kona kwa kona. Nilikuwa nanusa kiti cha baiskeli Ssenga aliporudi kuchukua mwavuli wake. Hakufoka. Aliuliza kama nina njaa.

Jibu ni moja tu: siri imehamishwa. Wamenishtukia.

Mchana Valère naye akaja. Akanunua chupa moja, akakaa mkekani na Ssenga wakimenya maharage, saa mbili nzima, yeye akiitikia na kuuliza tena. Nilimwonea huruma kwa dhati. Mtu anautupa mustakabali wake hivihivi.

Jumatatu, 23 Juni

Mtihani. Nilitangulia mimi. Nilimweleza Mama Phelister kwamba familia hutia ubani wa kigeni ndani ya chupa, tone kwa tone, na kwamba hazina yenyewe imefichwa chini ya ardhi. Nilisimama karibu naye ili sauti iwe ya siri. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Makokha, mbona shati lako linanukia divai hii?"

Nikasema ni sabuni.

Valère akaeleza shimo, majani, siku ya nne, moshi. Akatoa gome mfukoni, akaliwasha kwenye kisosi, na baa nzima ikawa Pasaka. Mama akafumba macho. Alipoyafumbua alimpa Valère funguo za Bugolobi, na mimi akaniambia nijifunze kusikiliza watu.

Nililia kidogo nyuma ya kreti za bia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Miaka sita si mchezo, na niliitaka kaunta ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Jumanne, 24 Juni

Nimelala, nimeamka, nimeelewa. Valère alikuwa na mtu wake ndani ya nyumba ile. Angejuaje vinginevyo?

Lakini Mungu si Athumani. Mama ameniita, akasema tawi litahitaji pia msaidizi wa kaunta, na ananipa nafasi moja zaidi. Kuna familia Mukono inatengeneza divai ya asali, angavu kama maji ya chupa. Ninataka sana kujua wanaisafishaje, hata usingizi sina. Nitaingia kama msoma mita za maji. Kofia nimepata.

Valère alinifuata jikoni, akaninong'oneza kwa upole kwamba bibi wa nyumba ile anapenda mno kuzungumza, atanieleza kila kitu tangu asubuhi hadi jioni.

Nimemshukuru kwa onyo. Nimepita duka la dawa, nimenunua pamba ya masikio.