Ukuta Mweupe kwa Makopo Matatu

Jumatatu, 4 Machi
Namshukuru Mola kwa siku tulivu. Kamati imenikabidhi ukuta wa mbele wa ukumbi wa ibada. Uwe mweupe kabla ya Jumapili. La sivyo, usimamizi wa ukumbi utakwenda kwa shemeji yangu, fundi wa taa. Shemeji! Mtu asinziaye katikati ya mahubiri!

Jumanne, 5 Machi
Nimemkuta akijaribu taa zake: nyekundu, kijani, buluu. Miali ilipokutana ukutani, pakawa peupe pe! Nikajifanya sikuona. Stoo yetu ina makopo matatu ya rangi hizo hizo. Ya nini kutafuta nyeupe? Mke wangu akauliza nachekea nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya elimu.

Jumatano, 6 Machi
Nimechanganya. Tope. Nikaongeza buluu. Tope zaidi. Nikajipa moyo kwamba litatakata likikauka, nikapaka ukuta mzima. Halikutakata.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji akaingia, akashika kiuno, akauliza ni nani aliyeupiga ukuta matope. Nikasema ni rangi ya msingi. Akacheka hadi akatafuta kiti. Kisha akanieleza, kwa upole wa kukera, kwamba kila taa huleta mwanga wake, na zikikutana mwanga huongezeka. Bali kila rangi ya kopo humeza sehemu ya mwanga, na zikichanganywa hubaki kidogo mno cha kurudi machoni. Akajitolea tupake nyeupe pamoja, kamati isijue. Nikakataa kwa heshima. Mke wangu akaniuliza kiburi hicho nitakipaka ukuta gani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekubali. Tumepaka. Mweupe! Kamati imenisifu, na shemeji hakutoa siri. Sasa wanataka ukuta ung'ae kijani wakati wa nyimbo. Taa yake ya kijani imeungua. Akasema ataitafutia nyingine. Nikamwambia asijisumbue, nimekwisha kuelimika: manjano na buluu huzaa kijani koponi, na taa ni vivyo hivyo. Akafungua kinywa aseme neno. Nikamuaga.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeazima taa ya manjano, nikaifunga pamoja na ile ya buluu kwa mikono yangu. Nikaziwasha pamoja. Ukuta ukabaki mweupe! Nimetafakari kwa utulivu, nikaomba hekima, nikaipata. Taa hazina kosa. Kosa ni la rangi tuliyopaka jana: haishiki kijani. Alfajiri, kabla waumini hawajafika, naikwangua yote.