Ombi la Kupiga Marufuku Kabichi Kijijini Gamnae

Ndugu Mwenyekiti Tak Yong-gi,

Heshima kwako na kwa ofisi yako. Mimi ni Pyo Mal-sun, mjane wa nyumba ya paa la bluu, niliyekufuta kamasi kabla hujajua kushika kipaza sauti. Nakuandikia kwa uchungu, na naomba usicheke.

1. Kila mwisho wa Agosti, hata kuku hawajaamka, kipaza sauti chako hupiga kelele kijiji kizima: "Haya jamani, miche ya kabichi imefika! Pandeni sasa, jalidi ikishaunguza majani msije kulia kwangu!" Kwa nini kabichi tu? Figili hazina mwenyewe? Mimi mwaka huu nimepanda spinachi. Spinachi haina makuu. Umande ukiganda kuwa jalidi huipiga, theluji huilalia, nayo huzidi kuwa tamu bila kumsumbua mtu.

2. Kabichi ni mtoto wa kudekezwa. Kila asubuhi namtoa viwavi mmoja mmoja kwa vijiti vya kulia chakula. Baridi ikikaribia namfunga majani ya mpunga kiunoni. Kisha nampasua, namtia chumvi, nampaka pilipili, anakuwa kimchi ya kula majira yote ya baridi, na mgongo unaouma ni wangu.

3. Sasa nafika penyewe. Kila Novemba mwanangu Gi-tae na mkewe Se-ra huja kutoka Seoul kunisaidia kutengeneza hiyo kimchi. Nasema kunisaidia kwa adabu tu. Hula nyama ya nguruwe ya kuchemsha, hujilaza kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, huondoka gari limelemewa nyuma kwa makasha ya kimchi. Juzi Se-ra kanipigia simu: "Mama, mwaka huu we pumzika bwana. Kimchi tutanunua dukani." Nipumzike! Nimeumia sana, Mwenyekiti. Nani kasema nimechoka?

4. Mama wa Jecheon, jirani yangu tunayemwita hivyo kwa mji alikotoka, alipopata habari alichungulia juu ya ukuta: "Ee shoga, mwaka huu unatia chumvi kabichi ngapi? Au ndo umestaafu?" Yeye amepanda mpaka ubavuni mwa choo. Wanawe watakuja wote, magari yatajaa mbele ya lango langu, nami nitakaa barazani na spinachi yangu, nimtazame nani?

Kwa hiyo naomba kabichi ipigwe marufuku kijiji kizima, na iliyokwisha kupandwa ing'olewe, ukianzia ubavuni mwa choo. Ikishindikana, ofisi yako iwaandikie watu wa hali ya hewa walete jalidi mapema; katikati ya Septemba itafaa. Na hilo likishindikana, magari ya watoto wa watu yapitishwe nyuma ya kilima, nisiyaone.

Msalimie mkeo, na mama yako na goti lake, na yule mbwa wenu anayelala katikati ya barabara. Hata Mama wa Jecheon msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi niliyeonewa,
Pyo Mal-sun

Nyongeza: Gi-tae amepiga simu sasa hivi. Walinunua kimchi ya dukani, mjukuu wangu akaitema mezani na kusema, "Hii siyo ya bibi." Watakuja Novemba, wote. Tafadhali niwekee miche yote iliyobaki, hata iliyonyauka. Spinachi naing'oa leo hii. Barua ya watu wa hali ya hewa usiitume. Au itume, lakini waambie jalidi isubiri mpaka kabichi zangu zifunge, maana nimechelewa kupanda. Na kosa ni lako: wenzangu walipokuwa shambani, mimi nilikuwa nakuandikia wewe.