Kochi la Mshtakiwa

Mwanamume aliyesimama katikati ya korido ya mahakama, akisoma vibao vya milango kwa kusogeza midomo, alikuwa riziki iliyojileta kwa miguu yake. Msomi alimwona, akakohoa kidogo, akafunga kifungo cha koti lake jeusi.

Hakuitwa Msomi kwa kusoma. Mawakili huitana hivyo wakiwa kazini, naye alilidandia jina kama abiria asiye na tiketi. Mahakama ile ya wilaya ilikuwa na vyumba vitatu: cha jinai, cha makosa ya barabarani, na cha madai, ambako ndugu waligombania masufuria ya marehemu. Msomi alipokea pesa palepale koridoni, na hakuwahi kukanyaga hata kimoja. Ukitoka umeachiwa, ni yeye aliyekuongelea. Ukitoka na faini, alikushika bega: "Shukuru, ndugu yangu. Walitaka kukufunga." Kwa utaratibu huo hakuwa ameshindwa kesi hata moja.

"Karibu, kaka. Jinai, barabarani au madai?"

"Barabarani. Mimi fundi makochi. Nilibeba kochi kwenye baiskeli."

"La mtu mmoja?"

"La watu watatu. Trafiki akanisimamisha, nikakimbia, baiskeli na kochi nikaviacha hapohapo."

Msomi akakunja uso. "Nzito hii."

"Kochi?"

"Kesi, kaka! Kesi."

"Kochi wamelifungia uani hapa mahakamani, eti kielelezo; nilipolifuata kituoni, wa kaunta akaniandikia wito. Na mama mkwe anaingia leo. Hajawahi kuniona, siku ya harusi alikuwa anaumwa. Atakaa wapi yule mama, kwenye ndoo?"

"Ondoa wasiwasi. Mimi ni mtu wa ndani. Nitasimama badala yako."

"Badala yangu kabisa?" Fundi alimtazama miguu, kuanzia viatu hadi magoti, kwa jicho lilelile analopimia mbao.

"Kabisa. Wewe tulia tu."

"Basi kesi ikiisha nakulipa mara mbili ya bei yako. Ila uingie ndani, nikuone kwa macho."

Hapo Msomi angekataa. Lakini hilo neno "mara mbili" lilimtekenya mahali pabaya. Akajiambia ataketi benchi la nyuma, atakohoa kwa heshima, atatoka.

Wakaketi benchi la nyuma. Karani akaita kesi iliyofuata, akataja jina la fundi, na kabla Msomi hajapata nafasi ya kukohoa, kiwiko kikamwingia mbavuni.

"Simama basi," fundi alinong'ona. "Si ulisema?"

Msomi akajikuta wima. Hakimu, mama mnene mwenye miwani iliyokaa puani, akainua kichwa. "Wewe ni nani katika shauri hili?"

Mawakili wawili wa kweli waliokaa mbele wakageuka, wakamtazama shingoni, palipotakiwa kuwa na kitambaa cheupe cha uwakili. Katika chumba hichohicho, si muda mrefu uliopita, mtu alikamatwa kwa kujiita wakili, akafungwa. Msomi alimfahamu, yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea sabuni gerezani.

"Mimi..." Akafungua kifungo cha koti. "Mimi ndiye mshtakiwa, mheshimiwa."

"Basi kizimba kiko huku. Hapo ulipo ni pa watazamaji."

Karani akasoma shtaka: kuendesha baiskeli isiyo na kengele wala breki, ukiwa na kochi kichwani, na kumkimbia askari. Chumba kizima kikaguna kwa heshima. Askari wa kike wa usalama barabarani akaitwa kumtambua.

"Ndiye huyu?"

"Mheshimiwa, alikuwa chini ya kochi. Niliona miguu tu."

"Mshtakiwa, pandisha suruali."

Msomi akapandisha. Askari akainama, akachungulia kama anayechagua kuku sokoni. "Ndiyo yenyewe! Myembamba hivihivi. Nilijiuliza inabebaje kochi."

"Unakubali kosa?"

"Nakubali, mheshimiwa. Lakini naomba huruma. Nina mama mkwe..." Sauti ikamkatika, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake haikuwa usanii. "Nina mama mkwe anafika leo, na nyumbani hatuna pa kumkalisha."

Hakimu akavua miwani, akaifuta. Akatoa onyo na faini ndogo, ambayo ilimeza makusanyo yote ya asubuhi. Msomi akapumua. Amepona.

"Na hilo kochi," hakimu akaendelea, "liondoke uani sasa hivi. Linaziba njia ya gari la mahabusu. Lipelekwe kwa kichwa, si kwa baiskeli. Afande, msindikize mpaka mlangoni kwake."

Njia nzima fundi alitangulia mbele, mikono nyuma, kama mpita njia mwenye bahati ya kuelekea upande huohuo. Kwenye mlima, kochi kichwani, Msomi alikuwa hoi. Alipolitua kochi mlangoni, akamvuta fundi pembeni.

"Kaka, ujira wangu."

"Ujira wa nini?"

"Si nimesimama badala yako!"

"Sema kwa sauti, afande asikie." Fundi akatabasamu kwa upole wa ajabu. "Mahakama imeshaamua, ndugu yangu. Wewe ndiye mimi. Umeona wapi mtu akijidai deni mwenyewe?"

Mlango ukafunguka. Mke wa fundi akamtazama mumewe, akamtazama yule mgeni aliyelowa jasho, akaona mumewe akimkonyeza, akaelewa kila kitu.

"Huyu ndiye mume wako?" askari akauliza.

"Ndiye, afande. Amechelewa tu, kama kawaida yake. Ingiza ndani, baba, usikwaruze mlango."

Ndani, mama mkwe aliinuka kutoka kwenye ndoo aliyokuwa ameikalia, akaketi katikati ya kochi, akalijaribu kwa kulibonyeza huku na huku. Kisha akamgeukia Msomi.

"Kwa hiyo ndiye wewe. Kaa hapo chini. Afande, na wewe kaa, uwe shahidi. Tangu umuoe mwanangu: simu hupigi. Paa linavuja. Pesa ya kitanda ukanunulia baiskeli. Na sasa nasikia unafikishwa mahakamani! Una la kujitetea?"

Dirishani, fundi alikuwa ameegemea ukuta kwa nje, akimenya chungwa na kusikiliza makosa yake kwa makini. Msomi alimtazama, akamtazama askari, akatazama mlango uliokuwa mbali.

Akapiga magoti.

"Nakiri kosa, mama."