Kitabu cha Buluu chenye Stima ya Baba

Jumatatu, 6 Mei 1974. Oli, Arua.

Kitabu cha thelathini na moja! Nimekipata kwa fundi viatu wa sokoni, aliyekuwa akikikalia. Nimempa mche wetu wa mwisho wa sabuni. Jalada la buluu, meli ya matanga, ramani ya kukunja mwishoni. Nikakifungua pale pale. Si chenyewe. Ni Wazungu wa kaskazini wakivua nyangumi.

Ayikoru, mke wangu, akauliza nguo atazifulia nini. Nikasema sabuni itakuja madukani. Akauliza mwaka gani.

Niandike tena sababu, maana siku nyingine hata mimi naisahau. Baba, marehemu Adriko, alifanya kazi kwenye stima ya Mto Nile, na nyumbani kwake kulikuwa bandari ya Rhino Camp. Mzungu mmoja alimpiga picha humo, na picha ikaingia kitabuni. Baba alikiona kitabu hicho mara moja tu, mkononi mwa nahodha. Alisema yeye ndiye kashika usukani. Jina la kitabu hakulijua, kusoma hakujua. Alijua ni cha buluu. Basi nimechukua kila kitabu cha meli cha rangi ya buluu kilichopita Arua, na vya kijani pia kwa tahadhari, kwani Baba, kama wazee wengi wa kwetu, rangi hizo mbili aliziona moja.

Hatuna picha nyingine ya Baba. Hata moja! Na Jumapili ya tarehe 19 tunakutana Koboko kwa kaka yangu Dramadri kumwombea, miaka ishirini tangu afariki. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya ukoo wote nikaapa kwamba siku hiyo picha ya Baba itakuwa mezani. Dramadri alicheka. Anasema hakuna kitabu, na kwamba Baba alikuwa mpakia kuni tu.

Zamani honi ya stima ilisikika kabla ya moshi kuonekana. Mama aliacha chochote alichokuwa akifanya. Baba alishuka na mkate uliolainika kwa mvuke, na shati lake lilinuka mafuta ya mashine. Sijanusa harufu nzuri kuliko ile. Leo nimeikumbuka mpaka nimeshindwa kula.

Jumanne, 7 Mei.

Théodore Kasereka! Mkongo huyu anatengeneza redio karibu na soko, na ndiye mtu mwingine pekee hapa Arua anayekusanya vitabu vya meli. Kazaliwa ufukweni mwa ziwa, kule Mahagi. Ana vitabu arobaini. Anavipa namba. Anavivalisha karatasi ya kaki! Mtu mwenye adabu mno. Simpendi.

Lakini leo nilikuwa na siri. Karani mwenzangu pale ghala la tumbaku alinidokezea kwamba Mama Driciru, mjane wa Pajulu, ana sanduku la vitabu vya Mzungu aliyehama zamani, vingi vya meli. Sijamaliza kufurahi, Théodore huyo mlangoni. Kasikia kuna sanduku mahali fulani. Je, nimesikia ni wapi?

Nikamwambia Ludara. Mbali kabisa, huko Koboko. Amuulizie mhunzi anayeitwa Yangi. Hakuna Yangi ninayemjua, jina lilinijia tu mdomoni. Théodore akaandika yote kwenye daftari, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Aksanti sana, yaya. Mungu iko nakuona." Yaya kwao ni kaka mkubwa. Nikageuka kutazama upande mwingine.

Jumatano, 8 Mei.

Nimeaga kazini kwamba jino linaniuma. Pajulu kwa miguu, mbio mbio.

Mama Driciru anauza karanga za kukaanga. Maskini mimi, ningelifikiria hilo mapema! Karatasi za kufungia hazipatikani siku hizi. Sanduku lipo, na ndani yake kuna kuku anaatamia. Vitabu vimechanwa ukurasa kwa ukurasa, vikaenda sokoni na karanga. Vile vya karatasi nyembamba kawapa wavuta tumbaku, ambao wanasema inaungua vizuri, haizimiki. Yamebaki majalada kumi na moja, anafunikia mitungi. Manne ni ya buluu!

Nikamuuliza kama aliwahi kuona picha ya mtu wa kwetu kashika usukani wa stima. "Mimi iko naangalia karanga tu, mtoto yangu," akasema. Kurasa za mwisho ziliondoka leo asubuhi kwenda soko la Arua. Nikageuza njia bila hata kunywa maji. Majalada nimeyabeba kichwani.

Ijumaa, 10 Mei.

Karanga. Tangu juzi nanunua kila kifurushi cha karanga nikionacho sokoni, nakifungua, nalainisha karatasi. Tumekula karanga asubuhi, mchana na jioni. Ayikoru alipika mchuzi wa karanga, kisha uji wa karanga, kisha akagoma. Anasema aliolewa na karani, si na panya buku.

Nina kurasa hamsini na tatu, zote zimelowa mafuta. Nimezipanga kwa namba. Ni kitabu cha kufunga mafundo! Fundo la nanga nimejifunza hata hivyo, kwa heshima ya Baba. Limekaza kwenye mguu wa meza na halifunguki.

Leo nilimkuta mzee mmoja sokoni akisokota tumbaku kwa ukurasa wenye stima. Stima kamili, na bomba lake! Nikamsihi aniachie nisome kwanza. "Soma haraka, moto iko karibu," akasema. Nilifika mstari wa tatu akawasha. Akanieleza kwa upole kwamba zile za matanga ndizo zenye ladha.

Jumapili, 12 Mei.

Théodore hakuwepo kanisani. Kaenda Ludara, na mvua imenyesha tangu juzi. Wakati wa wimbo wa kwanza nilifurahi. Mahubiri yalipoanza nikaanza kufikiria matope ya barabara ile na magoti yake mabovu. Nikaahidi kwamba akirudi nitampa jalada moja. La kijani.

Jumanne, 14 Mei.

Amerudi. Aliniona tangu mbali, akatupa mwavuli, akanikumbatia mbele ya soko zima. Matope mpaka kiunoni. Yangi yupo! Ludara ina Yangi, na Yangi ni mhunzi, na Yangi ana sanduku! Aliachiwa na mpima ardhi mmoja, akalitunza darini miaka yote hiyo akingoja mtu wa kuja kuliulizia. Vitabu saba. "Mutu kama wewe iko moja tu Uganda muzima!" Théodore akapaza sauti. Watu wakapiga makofi. Mimi nami nikapiga, sikujua la kufanya.

Kisha akafungua mfuko. Cha tatu kutoka juu: buluu. Stima kwenye jalada, na mto. Nikasoma kwa macho yangu mawili kwamba ni safari za stima za Nile ya juu, na picha kumi na sita. Nikaomba nikifungue. Akasema nimwie radhi, hafungui kitabu kwa mikono michafu, na lazima akipe namba kwanza.

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja tu. Lakini ingevuta na ile ya Ludara, na kwa nini yeye nilimtuma huko na mimi nikaenda Pajulu. Na akijua jinsi ninavyokitaka, si atakishikilia? Mimi ningekishikilia.

Alhamisi, 16 Mei.

Mpango. Mzuri kabisa! Nilimwendea Théodore dukani, uso wa huzuni, nikamwambia vitabu vya Ludara vina mdudu. Hutoka kitabu hiki akaingia kile, na baada ya mwezi kabati zima ni vumbi. Mimi nafanya kazi ghalani, wadudu nawajua. Dawa yake ni moshi. Anipe vyote saba nivitundike kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku, siku nne tu. Jumapili ningekuwa Koboko na Baba mkononi.

Théodore akatoka jasho. Akasema nimeshamsaidia kupita kiasi, hawezi kunisumbua tena.

Nilipopita jioni alikuwa keshavitibu mwenyewe. Kwa mafuta ya taa! Kamimina mafuta yote ya nyumba yake, akapaka kurasa moja moja kwa manyoya ya kuku. Vitabu vimeanikwa uani kwenye kamba, yeye anakohoa, macho mekundu. Hakuna kuvigusa kwa wiki mbili. Akanishukuru tena!

Nikamsimulia Ayikoru. Akauliza kwa nini nisimwambie mtu yule ukweli. Nikamweleza kwamba mambo ya wakusanyaji wa vitabu hayajui.

Jumamosi, 18 Mei. Koboko.

Tumefika kwa lori. Nina mpango wa akiba. Nimekata picha kutoka kitabu changu namba 14, baharia kashika usukani, nikampaka wino usoni. Kwa mbali, ndani ya nyumba yenye dirisha moja, anaweza kuwa Baba. Ana ndevu mpaka kifuani. Baba hakuwa na ndevu. Nitasema alizifuga safarini.

Ayikoru nusura aachwe na lori. Alisema alipitia kwa Théodore kuulizia redio. Tulikuwa tumeshatoka Arua nilipokumbuka kwamba hatuna redio.

Jumapili, 19 Mei. Koboko.

Niandike polepole.

Baada ya sala Dramadri akauliza, mbele ya watu wote, picha iko wapi. Nikamweka baharia wangu mezani. Shangazi, dada mdogo wa Baba, akamwinua, akamsogeza karibu na macho, akamsugua kwa kidole. Wino ukatoka. Akauliza huyu Mzungu ni nani na kwa nini tumemwombea. Dramadri akaanza kucheka, watoto wakafuata. Nikatafuta mlango kwa macho.

Ndipo ikaingia harufu ya mafuta ya taa, na nyuma yake Théodore. Suti nyeusi, kitabu cha buluu kwapani, kimevaa kaki. Hakunitazama. Akamwendea Dramadri, maana ndiye mkubwa, akainamisha kichwa, akaweka kitabu mezani na kukifungua. Ayikoru alikuwa amemweleza Théodore yote. Na Ludara pia!

Sitaha ya nyuma ya stima. Usukani hauonekani kabisa. Kuna tenga la kuku, na mbele yake mwanamume kaketi chini anamnyonyoa kuku, kainua uso, anamcheka mpiga picha, mdomo wazi. Chini yake imeandikwa: mpishi.

Baba.

Shangazi akaweka kiganja juu ya ukurasa, akaanza kusema na Baba kwa sauti ndogo, akimuuliza mbona kakonda. Dramadri alikuwa hacheki tena. Akasema, "Ni yeye. Kicheko chake hicho." Kisha mtu mzima yule akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya jiko. Wajukuu wakapanga mstari, kila mmoja akainama, akamwona babu yake.

Mimi nililia bila haya. Kuna jambo sijawahi kuliandika humu. Miaka hii ya mwisho nilikuwa nakumbuka shati, mkate na honi, lakini uso wa Baba ulikuwa umenipotea. Nilikuwa nautafuta na hauji. Kuhusu usukani alinidanganya, sawa. Kitabu kilikuwepo.

Théodore aliniuliza neno moja tu, pale nje. "Juu ya nini hukusema? Baba ni baba." Akasema kitabu ni chetu sasa, yeye atakifuta kwenye daftari lake. Alikula sahani mbili za enyasa, ugali wetu, na samaki, akamsifu mke wa Dramadri, akaimba na wazee. Nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nimeapa, mbele ya Ayikoru, kwamba mtu huyu sitamdanganya tena.

Jumatatu, 20 Mei. Oli.

Kitabu cha thelathini na mbili! Nimekipa rafu yake peke yake, mbali na taa. Nyumba nzima inanuka, na leo Ayikoru hajalalamika. Nimemtazama Baba asubuhi yote. Halafu nikachukua wembe na kalamu, nikakwangua neno lililo chini ya picha, nikaandika jingine kwa herufi za chapa: NAHODHA, SIKU YA MAPUMZIKO. Imekaa vizuri. Wajukuu hawatajua.

Théodore alipita mchana, hana kinyongo hata chembe. Kapata habari kwamba Aru, ng'ambo ya mpaka, kuna padri mzee anagawa vitabu vya meli bure, masanduku mawili. Kasema twende pamoja Jumamosi, tugawane nusu kwa nusu kama ndugu. Akaniachia na baiskeli yake niitumie wiki hii.

Nikamwambia Jumamosi mpaka hufungwa, tusubiri Jumatatu.

Naondoka Ijumaa.