Kuisalimu Intaneti

Krii, krii, krii. Gizani, kabla jogoo hajawika, Ema alisikia gunia likitafunwa. Dumuzi wameingia kwenye mahindi, na mahindi hayo, bado yako kwenye magunzi, ndiyo chakula chake na cha bintiye Lulu mpaka mavuno. Mwalimu wa masomo ya jioni alishamwandikia daftarini jina la Kiingereza la mdudu yule, akamwambia aende akaulize kwenye intaneti.

Kulipokucha akambeba Lulu mgongoni hadi kijiwe cha kahawa cha Bashiru, pale Makambako, ukuta mmoja na chumba kipya cha intaneti. Alikuta pamechemka. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mitambo ya kutafutia habari ipo mingi, na kijiwe kilishagawanyika kama siku ya mechi.

Abasi, dereva wa lori waliyemwita Tunduma kwa kuwa hana hadithi isiyopita huko mpakani, alikuwa Yahoo damu. Bashiru alisimama na Altavista, ingawa hajawahi kuiona.

"Tunduma, sikia jina lenyewe: Altavista. Hilo ni jina la mtu mwenye digrii."

Google wote waliipuuza. Bado mtoto, walisema.

Mzee Gideoni, fundi mbao waliyemwita Askofu, alikuwa akiwasikiliza. Akaweka kikombe chini.

"Na hiyo mitambo mnaianzaje?"

"Unaandika swali tu, Askofu."

"Bila salamu?"

Kweli, nani anaingia kwa watu na shida mkononi, hata hajauliza wameamkaje?

Basi wakamsindikiza Ema ndani. Gideoni akatamka, akianza na salamu ya kikwao, Ema akabonyeza kwa kidole kimoja: Kamwene. Shikamoo. Za huko? Sisi hatujambo, baridi tu. Tuna shida ya dumuzi.

Yahoo haikuleta kitu. Altavista nayo kimya, na Bashiru akasema wasomi hawajibu haraka. Walipofika Google, Gideoni akamzuia.

"Huyu si mmesema mtoto? Shikamoo ya nini? Futa."

Akafuta. Bado hakuna kitu. Gideoni akatikisa kichwa, akauliza watoto wa siku hizi wanalelewa na nani.

Nusu saa aliyolipia Ema ilikuwa inayoyoma. Akaomba radhi kwa wazee, akafuta salamu zote, akaandika lile jina la daftarini peke yake. Kurasa zikamiminika. Akarudi kwa Altavista, kwa Yahoo. Huko nako zikaja. Kwa Kiingereza chake cha masomo ya jioni akaokota: pukuchua, anika, changanya na dawa ya unga. Akanakili mpaka kidole kikauma.

"Umeingia bila hodi," Gideoni alinong'ona, "na wamekukaribisha chakula."

Wiki iliyofuata Ema alipita tena na Lulu. Ubishi ulikuwa palepale, wa nani alimsaidia mama huyu. Abasi alisema Yahoo, Bashiru Altavista. Gideoni alisema ni salamu zake, zilitangulia kulainisha. Wakamgeukia Ema aamue.

Kabla hajafungua kinywa, Lulu alimeza andazi lake.

"Gunia letu limenyamaza."