Benchi Lililopigwa Msasa

"Nyamazeni, nyie!" Katibu aliinua simu juu kama mtu anayetangaza uhuru. "'Msichana wa ubao wa magurudumu ahamia kwenye mitindo ya mavazi na sanaa. Maonyesho yake ya kwanza ni Jumamosi.' Na picha hii hapa. Si Teleza wetu huyu?"

"Wetu tangu lini?" nikamuuliza.

Mimi nina ugonjwa mmoja: sisahau. Kiwanja cha watoto kiligeuzwa maegesho ya magari ya wakubwa, na waheshimiwa wakakata utepe huku wakipiga makofi. Watoto wakabakiwa na ngazi za posta na benchi letu la kahawa. Teleza alikuwa akija mbio juu ya ubao wake, anaruka, anaparuza ukingo wa benchi, krrrrr, anatua upande wa pili. Katibu, karani aliyestaafu kazi asistaafu kuandika barua, alibandika malalamiko ukutani. Kinyozi alimmwagia maji ya ndevu. Na Seremala, mjomba wake wa damu na ndiye aliyelitengeneza benchi, alimpokonya ubao akaukata vipande viwili kwa msumeno mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo mtoto hamwiti tena Mjomba. Humwambia "Shikamoo, Fundi," kama mteja aliyekuja kuulizia kitanda.

"Hizi nguo mnaziona?" Kinyozi alichungulia simu. "Suruali moja inaingia ukoo mzima!"

"Na hii ni kaptula," alisema Katibu, "au suruali iliyokata tamaa njiani?"

"Shati limechanika."

"Halijachanika, mzee. Limebuniwa," Mama Kahawa akamjibu huku akisuuza vikombe. "La kwako ndilo limechanika."

Seremala hakucheka. "Anakuja leo alasiri," alisema. "Kanitumia ujumbe. Analiomba benchi hili akaliweke katikati ya ukumbi."

Tukaliangalia benchi. Ukingo wote ulikuwa umeparurika kama mgongo wa punda wa kukodi.

"Wageni watataka pa kukaa," Katibu aliamua. "Kutazama picha kunachosha."

"Nilimkosea yule mtoto," Seremala aliendelea. "Sitaki kitu kingine kwake. Nataka aniite Mjomba, basi."

"Sasa utamkabidhi bibi harusi hajaoga?" Mama Kahawa akamuuliza. "Kitu kikitoka nyumbani kwenda kwa watu, kinaogeshwa kwanza."

Basi tukaliogesha! Seremala alichanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba kila mkwaruzo kwa upole, kama anayempaka mtoto dawa. Akapiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Kinyozi akaleta rangi ya kijani iliyobaki alipopaka mlango wake. Mchana Katibu aligusa mguu wa benchi, sehemu iliyopakwa mwanzo kabisa pamoja na ukingo, akatangaza: "Imekauka." Mtu aliyezoea kupiga mihuri hana haja ya kugusa mara mbili. Mama Kahawa akamimina, na sisi, kwa mazoea, kila mmoja akakaa mahali pake. Nami nikakaa, mimi nisiyewahi kuamini tangazo la karani yeyote.

Pikapu ikasimama. Teleza akashuka kwa kuruka, ndani ya ile suruali ya ukoo mzima.

"Shikamooni wazee. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu!" Seremala alinyanyuka, na kitu nyuma yake kikalia chwaaa. "Tazama! Jipya kabisa!"

Msichana alipitisha kiganja ukingoni. Akakipitisha tena, polepole.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Mikwaruzo yangu." Sauti ilimpungua. "Niliweka karatasi juu yake, nikaisugua kwa mkaa. Ndiyo michoro iliyo kwenye vitambaa vyangu vyote. Nilitaka watu waone ilikotoka."

Seremala aliupapasa ukingo uliolainika. "Kwanza nilikata ubao wako," alisema. "Leo nimekufutia na kazi yako." Akageuka upesi tusimwone macho.

Hapo ndipo tulipoona kilichokuwa nyuma yake. Mistari ya kijani, minene, imelala kwenye makalio kama barabara za kwenye ramani.

Teleza alijiziba mdomo. "Usigeuke," alisema. "Na nyie, simameni."

Chwaaa, chwaaa, chwaaa. Tukasimama tumempa mgongo kama washukiwa. Kwenye benchi zilibaki alama za makalio ya watu wanne, pamoja na mishono na mifuko ya suruali.

"Hiki kiraka chenye umbo la jembe ni cha nani?"

"Hiyo ni siri ya ofisi," alisema Katibu.

"Vueni."

"Tuvue nini?"

"Suruali. Benchi katikati, suruali ukutani nyuma yake. Ni nzuri kuliko nilivyopanga!"

"Mimi nimeitumikia serikali!" Katibu alikamata mkanda wake. "Makalio yangu hayawezi kubandikwa ukutani bila idhini!"

"Malalamiko yako yalinibandika ukutani, uliniomba idhini?" Loo! Kumbe na yeye hasahau. Nikampenda papo hapo. "Basi, Mjomba, anza wewe."

Mjomba! Suruali ilikuwa imeshafika magotini. Mtu aliyenyimwa neno hilo miaka yote ile, angeambiwa avue na ngozi angeuliza tu aanzie wapi.

Mama Kahawa akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Teleza akatugawia suruali kutoka kwenye pikapu, kila moja ina michoro ya benchi letu la zamani. Akapakia benchi na suruali zetu, akapanda, akaondoka. Tukabaki wima na vikombe mkononi, upepo unatujaza.

"Ina rangi nyingine hii?" Katibu alinong'ona, akatia mkono mfukoni. Ukazama hadi kiwikoni. Akapapasa. Uso ukambadilika. "Funguo! Funguo za nyumba ziko kwenye ile suruali!"

"Na zangu!" Kinyozi akapiga yowe.

Tukaitimkia pikapu, wazee watatu tumeshika viuno vya suruali kwa mikono miwili. Teleza akachungulia dirishani: "Ziacheni humohumo! Zinapendeza!"

Nilipogeuka, Seremala alikuwa amesimama palepale.

"Wewe za kwako ziko wapi?"

"Ziko humohumo."

"Na leo utalala wapi?"

"Umemsikia lakini?" akaniuliza. "Umemsikia alivyoniita?"