Maua ya Kahawa Mwezi wa Sita

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shangazi Salvina kafanyiwa operesheni ya macho Bukoba. Dada Placida, bintiye, kapiga simu asubuhi: bandeji inatolewa kesho. Nikamshukuru Mungu. Kisha akaniambia lililobaki, shukrani zikaisha. Kitu cha kwanza mama anachotaka kuona ni nyumba yake ya hapa Ihanda na mbwa wake, Diwani. Nitume picha. Tena picha hiyo ndiyo itaamua. Nyumba ikiwa nzima, mama anarudi Jumamosi. Ikiwa mbovu, anabaki mjini moja kwa moja, na kibanja, shamba lake la migomba na kahawa, kitatafutiwa mtu wa kukitunza.

Mtu! Mimi ni nani?

Haya, ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi. Nyumba nimeachiwa tangu Februari. Mvua za Aprili zimekula ukuta wa mbele. Udongo umeshuka, fito ziko nje, kuku anaingia chumbani bila hodi. Nilisema nitakandika baada ya Pasaka. Sikusema ya mwaka gani. Na Diwani hayupo. Hakuibiwa, hakufa. Amehamia kwa jirani Projest, hatua hamsini kutoka hapa, kwa sababu kule analishwa. Nimehamwa na mbwa! Aibu hii sijaitubu hata kwa padri.

Jumanne, 10 Juni

Mpango. Kwanza, kumrudisha Diwani. Nikamwita kwa jina. Akanitazama, akageuza kichwa. Nikamwonyesha kiporo cha ndizi. Akanusa, akarudi kulala mlangoni kwa Projest. Projest alikuwa anaanika kahawa. Akasema taratibu kwamba mbwa naye ana akili. Nikamjibu sikuja kwa maongezi, nimekuja kwa picha. Nikampiga Diwani picha palepale.

Kisha kazi yenyewe. Simu yangu ina programu ya kukata na kubandika picha. Niliizoea kwa kujitoa upara. Nilikuwa na picha ya nyumba ya Septemba mwaka jana, ukuta mzima, mzuri. Nikambandika Diwani mbele yake. Mara ya kwanza akatoka mkubwa kuliko mlango. Mara ya pili miguu haikugusa chini. Mara ya tatu, safi! Nikajipongeza kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Halafu nikawaza, macho ya mama wa miaka sabini na mbili, yaliyofunguliwa leo leo, yataona nini hasa? Nikatuma.

Jumatano, 11 Juni

Afadhali ningetukanwa. Placida anasema mama alilia kwa furaha mpaka nesi akamkataza, macho hayajapona. Amewaonyesha picha wagonjwa wote kwenye foleni. Kubwa zaidi ni Diwani. Amenenepa! Shangazi anasema mbwa alimwacha na mbavu, Adelard kamnenepesha, mtoto wa kaka yake kawazidi hata aliowazaa. Ameniombea rozari nzima.

Rozari nzima, kwa maharage ya Projest. Nikaenda hadi uzioni nimwambie Projest asante. Nilipofika nikamwambia kuku wake wananisumbua.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi kapiga mwenyewe. Sauti ya chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akaulizia kahawa. Nikamwambia tunachuma, debe sita tayari, mwaka huu imezaa.

"Adelard, baba," akasema. "Unachuma kahawa, na kwenye picha mibuni ya kando ya ukuta ni myeupe kwa maua. Mbuni gani unachanua mwezi wa sita?"

Lo! Maua! Nilikagua ukuta. Nilikagua mbwa, mpaka kivuli cha mbwa. Mibuni sikuitupia jicho. Mimi, niliyezaliwa kwenye kahawa, ambaye babu yangu kazikwa kwenye kahawa! Nikangoja matusi.

"Placida hajayajua hayo maua, kakulia mjini," akasema. "Nimemwambia nyumba yangu ni nzima na ninarudi. Nimemdanganya mwanangu kwa picha yako, Adelard, maana nataka kufia kwangu. Sasa huo ukuta usimame."

Akakata. Nimekaa chini palepale. Mama wa watu, hajakosa misa tangu nimfahamu, nimemtia kwenye uongo uzeeni. Nimelia. Si sana, lakini nimelia.

Ijumaa, 13 Juni

Kazi! Nimeamka na jembe. Nimechimba, nimechota maji, nimekanyaga udongo mpaka magotini. Saa nne nilikuwa nimekandika sehemu ya upana wa kitanda. Saa nne na nusu ikaanguka yote. Udongo wangu ulikuwa uji.

Projest alikuwa anatazama toka uzioni. Akaja bila kuitwa. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaleta udongo wa kichuguu, akakatakata nyasi akachanganya, akaanza. Diwani akaja nyuma yake, akalala mlangoni kama mwenye nyumba. Mimi nikashika kazi ya kuleta maji, baadaye nikashika kazi ya kuonyesha palipobaki. Jioni ukuta umesimama. Nimemwambia asante. Ilitoka ndogo, sidhani kama aliisikia.

Jumamosi, 14 Juni

Shangazi kashuka garini saa nane mchana, peke yake, Projest bado analainisha ukuta. Placida yuko kazini. Diwani alimsikia kabla yetu, akakimbia akilia kama mtoto. Shangazi akamkumbatia. Kisha akaenda kwenye ukuta, akaugusa. Mbichi. Akatazama mikono yangu, safi. Akatazama ya Projest.

Hapo hapo Placida akapiga. Nikaweka sauti ya nje, wote tukasikia. Akauliza nyumba inaendeleaje, na nani ameitunza vizuri hivyo. Projest akaendelea kulainisha ukuta. Shangazi akaningoja. Nafasi yangu ilikuwa hiyo, neno moja tu, jina la mtu. Nikasema tunajitahidi, dada. Shangazi akainama kumshika Diwani masikio. Hakunisema, wala hakuniangalia tena.

Lakini anabaki! Placida ameridhika. Ameomba picha ya mama na Diwani mbele ya nyumba, aisafishe aitundike sebuleni. Shangazi akasema hapigwi picha bila Projest. Nikawapiga wote watatu.

Nimeitazama saa nzima. Masikio yananiwaka, nakiri. Projest kasimama katikati, udongo hadi viwikoni, na kila mgeni wa Placida atauliza huyo fundi ni nani. Maswali ya bure, mama wa watu anataka kupumzika. Nimemtoa. Mahali pake nimeweka mgomba. Mkono wake mmoja tu ndio umegoma kufutika, umebaki begani kwa shangazi, umejaa udongo. Placida wa mjini, hatauona. Nimetuma.